Vijana wa ulinzi shirikishi: kwata iacheni kwanza

Mkuu uliyeuliza habari za vijana 20 mliowaandikisha huko Mikanjuni, kama umtafute mgambo mstaafu awapigishe kwata kabla hawajaanza doria: kwata iache kwanza. Sisi huku Ngamiani, Tanga, ndiko tulikoanzia, na nusura ituingize kwenye kesi ya mauaji.

Tulikuwa 24. Wiki mbili kila jioni uwanjani, nyuma geuka, mbele tembea, namna ya kushika kirungu. Usiku wa nne wa doria, saa kumi alfajiri, wenzangu wakaona mtu kabeba baiskeli begani anatembea mbiombio. Mmoja akapaza sauti: "Mwizi!" Neno hilo unalijua. Milango ikafunguka huku na huku, huyu na mchi, yule na tofali, na hakuna aliyeuliza kitu. Nilipofika jamaa yuko chini, mdomo unatoka damu, kaikumbatia baiskeli yake. Nikamulika tochi: mnyororo umekatika na kujisokota kwenye spoki, gurudumu halizunguki, mikono yake imejaa grisi. Alikuwa mvuvi anawahi Deep Sea, kwenye soko la samaki. Nyumbani kwake ni barabara ya tatu tu kutoka kwetu.

Baada ya hapo tulikwenda kwa polisi wa kata, akaja kutufundisha jioni mbili. Ya kwanza ilikuwa sheria tupu. Raia anaweza kumkamata mtu anayemwona akitenda kosa, lakini lazima amkabidhi polisi bila kuchelewa. Mmeishia hapo. Kupekua nyumba ya mtu si kazi yenu, kumlaza mtu ofisi ya mtaa mpaka kuche si kazi yenu, na ukimzaba kofi, mtuhumiwa sasa ni wewe. Neno "mwizi" tulilipiga marufuku kwenye zamu. Ni filimbi tu, na simu 112.

Jioni ya pili ndiyo iliyotufaa zaidi. Tukiwa tumekaa, kijana akakatiza mbio katikati yetu, kachukua birika la kahawa, katokomea. Afande akagawa karatasi: andikeni mlichokiona. Shati lilikuwa jekundu, la buluu, na mmoja aliapa jamaa alikuwa kifua wazi. Wengi waliandika "kijana mweusi, mrefu wa wastani", yaani nusu ya Tanga. Tukalirudia zoezi hilo kila Jumapili: mavazi, kovu, mwendo, kashika nini, kaelekea barabara ya ngapi. Mwezi wa pili ungedhani ni wapiga picha. (Birika lilirudi, kahawa hapana.)

Watu wakisikia doria wanawaza sungusungu, ule ulinzi wa jadi wa vijijini. Ile ilizaliwa kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, adui akiwa mwizi wa ng'ombe. Mjini kwetu kinachoibwa ni baiskeli, betri, na nguo kwenye kamba, na mwizi mara nyingi ni mtoto wa mtu unayemwamkia shikamoo. Kwa hiyo kila zamu mchanganye kijana mwenye miguu na mtu mzima anayejua nani anaishi wapi. Yule mvuvi asingeguswa kama angekuwepo mzee mmoja tu wa kusema "huyu namjua".

Michango iandikiwe stakabadhi, hata ya shilingi 500, na anayeishika asiwe mlinzi. Daftari la zamu liwepo: saa, majina, kilichotokea. Usiku usiotokea kitu nao uandikwe. Na jiandae, watapungua. Kufika mwezi wa tatu tulibaki 9, lakini hao 9 wangali kazini.

Mvuvi tulimlipia matibabu na kumwomba radhi mbele ya mwenyekiti. Hajatusamehe sana, nadhani. Ila akikaribia kona yetu alfajiri hupiga kengele ya baiskeli mara mbili, nasi tunamulika tochi chini apite.