Huo si ukoka, ni ulezi mwitu

Mleta mada, umeuliza jina la nyasi iliyolala bapa kwenye njia ya bustani yako, na waliotangulia wamekujibu "ukoka". Kwa hilo shina jeupe ulilolieleza, mimi nasema ni Eleusine indica, jamaa wa karibu wa ulezi tunaoula. Mimi huuita ulezi mwitu. Usidhani ni ubishi wa majina tu. Kosa hilohilo lilinipotezea msimu mzima.

Nami niliambiwa ni ukoka. Ukoka ni wa kudumu, una mashina yanayotambaa chini ya udongo, na ukiacha kipande kidogo huchipua tena. Basi nikachimba kwa jembe, kwenda chini sana, nikiyatafuta mashina hayo. Sikuona hata moja. Nilichofanya ni kuzipandisha juu mbegu zilizokuwa zimefukiwa, na mbegu za gugu hili huamshwa na mwanga na joto. Mvua iliponyesha, pote nilipochimba palifunikwa na miche.

Ulezi mwitu huishi msimu mmoja. Nguvu yake yote imo kwenye mbegu, na mmea mmoja uliostawi hutoa maelfu kwa maelfu.

Ung'oe mmoja uutazame. Utapata kazi, maana mizizi yake hung'ang'ania hata ardhi iliyokanyagwa ikashindiliwa. Kitako chake ni bapa, cheupe cha kung'aa kama fedha, na mashina yametandaa pande zote kama njiti za gurudumu. Suke lina vidole, na kwenye kila kidole vishuke, yaani visuke vidogo vyenye mbegu, vimejipanga safu mbili upande mmoja kama meno ya zipu. Mara nyingi kidole kimoja huchomoza chini kidogo ya wenzake; alama hiyo ndiyo ninayoiamini zaidi, kwani vidole vya ukoka ni vyembamba na kwa kawaida hutoka vyote mahali pamoja.

Palilia mapema, juu juu, kabla ya masuke. Yakishatoka, yaondoe kabisa shambani. Dawa usiitegemee peke yake: Malaysia, mwaka 1997, iliripotiwa mimea ya gugu hili iliyokuwa sugu kwa glifosati, dawa ya kuua magugu.

Na kama unalima ulezi wenyewe, panda kwa mistari. Miche hufanana mno, hivyo kilichoota nje ya mstari king'oe bila kusita.