Usukani Huo Uache Chini ya Kitanda

Msomaji wetu ameleta barua ndefu kuhusu Peugeot 404 ya mwaka 1966 ambayo amekuwa akiitengeneza kwa miaka minne. Anasema hiyo ndiyo starehe yake pekee: halewi, hatoki nje ya ndoa, kila Jumamosi yuko gereji na spana zake. Ila mkewe, kwa maneno yake, "anaonea chuma wivu". Mwezi uliopita mke aliuchukua usukani wa gari akauweka chini ya kitanda, na tangu hapo hamsemeshi. Mume anauliza afanyeje aupate bila ugomvi, na amfundisheje mkewe kupenda anachokipenda yeye.

Mwanangu,

Pole. Kulala chumba kimoja na mtu asiyekujibu salamu ni adhabu, nalijua hilo. Sasa tuzungumze.

Barua yako ina kurasa nne. Tatu na nusu ni za gari. Nimejua kwamba unataka kung'oa injini yake na kuweka ya Kijapani yenye nguvu mara mbili. Unataka gia itoke kwenye usukani ikae chini, kwa hiyo utatoboa sakafu. Unataka kushusha springi, kupanua fenda ili zimeze matairi mapana, kisha upige rangi nyeusi isiyong'aa. Fenda moja umeshaikata kwa grainda. Halafu ukurasa wa mwisho, ndani ya mabano, umeandika: "gari lilikuwa la marehemu baba mkwe, lilikuwa linaoza tu uani."

Mabano, mwanangu! Jambo lenyewe ndilo ulilolitia kwenye mabano.

Nikarudi mwanzo nikaisoma upya barua nzima. Unasema mkeo hakuwa na neno kwa miaka mitatu. Ulipochomelea sehemu zilizoliwa na kutu, alikuwa akikuletea chai na kukaa kwenye kigoda akitazama. Hilo umelisema mwenyewe. Amebadilika mwaka huu. Hukujiuliza kwa nini? Miaka mitatu ulikuwa unalirudisha gari la baba yake. Mwaka wa nne umeanza kulifuta. Usukani umetoweka wiki ile ile ulipoikata fenda. Huyo haonei chuma wivu. Ameokoa kitu pekee ndani ya gari hilo ambacho mikono ya baba yake ilikishika kila siku. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na wewe umelipitishia grainda kovu hilo.

Tena hukusema nani alikupa gari. Umeandika "nililiokoa". Gari la marehemu halijigawi lenyewe. Kuna mtu alikuaminia.

Mimi ninayo cherehani ya mama yangu. Haishoni, mkanda umekatika siku nyingi. Mtu akija akaniambia anataka kuigeuza meza ya maua, hata awe na nia njema kiasi gani, ataondoka na maneno yangu masikioni.

Ndoa za siku hizi zina ugonjwa huu, na sikusemi wewe peke yako. Watu wanaomba ushauri kila mahali isipokuwa kitandani kwao. Umeandika kwamba ulituma picha za rangi tatu kwa wenzako wa magari kwenye simu, wakapiga kura, nyeusi ikashinda. Watu usiowajua kwa sura wamepiga kura juu ya gari la baba mkwe wako, na binti yake alipata habari fenda ilipokuwa sakafuni. Kisha unamwita mpinga maendeleo. Wanawake nao wanayafanya haya, wanabomoa jiko alilojenga mama mkwe bila hata kumuuliza mume. Nyumba inakuwa na wakazi wawili na mafundi wawili, kila mmoja na ramani yake.

Na hata kwa ufundi sikuungi mkono. Gari hilo halina chesisi ya peke yake. Bodi ndiyo mifupa. Ukitoboa sakafu na kukata kandokando bila kuimarisha, unalivunja mgongo. Unazungumzia nguvu mara mbili, lakini kurasa zote nne hazina neno breki. 404 ya mwaka huo ilitoka kiwandani na breki za dramu magurudumu yote manne. Hiyo kasi utaisimamisha kwa kitu gani? Na injini unayoiita imekufa, ile ya 1,618 cc iliyoinamishwa upande, ina slivu, yaani mirija ambamo pistoni hucheza, na zinaweza kuchomolewa. Slivu na pistoni hubadilishwa, injini ikafufuka bila kuondoka ndani ya boneti yake. Fundi wa miaka minne unalijua hili. Umetaka mpya kwa sababu wenzako wanazo.

Sichukii magari yaliyobadilishwa. Mengine ni kazi ya mikono ya ajabu, na ukiona vyaelea, vimeundwa. Tafuta gari jingine, lisilo na marehemu wa mtu ndani yake, ulishushe mpaka liguse lami ukitaka. Katika hili, funga tu vitu vinavyofungwa kwa bolti na kufunguliwa tena, kama mikanda ya usalama. Hakuna kukata.

Kipande cha fenda bado unacho? Kitafute leo. Kichomelee mahali pake kabla hujafanya jambo lingine lolote, na usifiche mshono kwa puti nene. Mwache aone kwamba umerudisha. Ukimaliza, mwite gereji. Usimweleze habari za injini. Muulize baba yake alikuwa akiwapeleka wapi na gari hilo, yeye alikaa kiti gani, na lilikuwa rangi gani lilipokuwa jipya machoni pake. Nyamaza umsikilize, hata akilia. Rangi atakayoitaja ndiyo utakayopiga.

Ama usukani, usiuguse wala usiuulizie. Fanya kazi zote zilizobaki bila huo. Siku atakapoingia gereji akiwa ameushika, mpe spana aufunge mwenyewe.