Binti anavuja damu, twaogopa polisi

SWALI: Shikamooni. Binti wa kazi hapa jirani, Pongwe, alikunywa mizizi kutoa mimba. Siku ya tatu anatoka damu na homa. Mama mwenye nyumba asema hospitali watamfunga. Tufanye nini?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, dada. Mpelekeni leo hii, kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya mkoa ya Bombo. Kulowesha pedi mbili kwa saa moja, saa mbili mfululizo, ni hatari. Homa na uchafu wenye harufu ni dalili kwamba mabaki yameoza ndani ya mji wa mimba. Sumu ikishaingia kwenye damu, panadoli haisaidii kitu. Huko atafyonzwa mabaki kwa bomba la mkono, apewe dawa za kuua vijidudu, na damu ikibidi. Amwambie mhudumu alichokunywa, na lini. Akificha, matibabu yanakosea.

Sheria? Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 151, inampa mwanamke anayejitoa mimba hadi miaka 7. Lakini kumtibu anayevuja damu si kosa, na huduma hiyo ipo katika mfumo wa serikali.

Wapo wanaoona kumsaidia ni kuibariki dhambi. Hatukubali. Mwenye pesa hupata mtaalamu kimyakimya. Huyu mshahara wake umemfikisha kwenye mizizi, na sasa aachwe afe?

Mimba nyingine yaweza kuingia ndani ya wiki mbili, hivyo aulize uzazi wa mpango kabla hajaruhusiwa. Na muulizeni, faraghani, kama alilazimishwa.