Kimeng'enya kipo kloroplastini, au kimo? Vitenzi vya safari ndani ya seli ya mmea

Msomaji anayehariri kitini cha baiolojia ya mimea cha mwaka wa kwanza ametuletea sentensi moja na kuuliza kama imekaa sawa: "Vimeng'enya vya mmea vinapelekewa kwa kloroplasti, mitokondria na peroksisomu kwa ishara zao, na vinakatika vikifika." Anauliza pia kama kuelekeza, kupeleka, kutuma na kuingiza ni maneno yanayoweza kubadilishana nafasi, maana vitini alivyonavyo vinayachanganya.

Ndugu msomaji, sentensi hiyo ina makosa manne ya lugha, na moja kati yake limebeba kosa la sayansi. Kwa asiye wa fani: kimeng'enya ni protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali, na kloroplasti, mitokondria na peroksisomu ni oganeli, yaani viungo vidogo ndani ya seli. Tuanze na mepesi.

Kwanza ni "kwa kloroplasti". Katika Kiswahili sanifu, kwa ya mahali huenda na mtu: nakwenda kwa daktari, mtoto amepelekwa kwa bibi yake. Kikifuata kitu, msomaji husikia chombo au njia: mzigo umepelekwa kwa gari. Kwa hiyo "vinapelekwa kwa kloroplasti" inasomeka kana kwamba kloroplasti ndiyo gari. Aliyezoea mazungumzo ya Nairobi, ambako "weka kwa meza" haishtui mtu, huenda asilione kosa hili upesi. Katika sentensi yako linaumiza zaidi kwa sababu kwa inarudi maneno machache mbele, "kwa ishara", na huko ina maana yake halali ya nyenzo. Andika kwenye kloroplasti au kloroplastini. Usiiogope -ni katika neno la mkopo. Tunasema ofisini na hospitalini kila siku. Ila ukishaitia, kinachofuata hupatana na mahali: kloroplastini mwa jani, wala si "kloroplastini ya jani". "Mitokondriani" ni sahihi kisarufi, lakini naiona nzito mdomoni. Ndani ya mitokondria inatosha.

Pili ni "ishara zao". Vitu visivyo na uhai, hata vikiwa vingi, humiliki kwa -ake: viti na miguu yake, vimeng'enya na ishara zake.

Tatu ni "vinapelekewa". Hapa kinyambulishi cha kutendea kimeingia pasipo kazi. Anayepelekewa ni mpokeaji. Kloroplasti inapelekewa kimeng'enya. Kimeng'enya kinapelekwa kloroplastini. Kosa hili hujirudia kwa kuelekezewa, na dawa yake ni kujiuliza ni nani anayebaki na mzigo mkononi safari ikiisha. Huyo ndiye mwenye -ew-.

Sasa vitenzi vyenyewe, ambavyo ndivyo moyo wa swali lako. Havibadilishani nafasi, kwa sababu kila kimoja kinataja hatua tofauti ya kazi ambayo seli inaifanya kweli. Chukua Rubisko, kimeng'enya kinachonasa kaboni dioksaidi kwenye majani. Kina vipande 16: vikubwa 8 na vidogo 8. Jeni ya kipande kikubwa imo ndani ya kloroplasti yenyewe, na kipande hicho huundwa humo humo. Ukiandika kwamba "Rubisko inapelekwa kloroplastini" umekosea nusu ya habari, maana vipande vikubwa havisafiri. Jeni za kipande kidogo zimo kwenye kiini cha seli. Chenyewe huundwa nje, katika sitoplazimu (majimaji ya seli yaliyo nje ya kiini), halafu ndipo kinapoanza safari. Katika njegere, kipande hicho huzaliwa kikiwa na kilodaltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 20 hivi na huishia na 14. Kilichopungua ni mkia wa mbele, yaani msururu wa asidi amino uliotangulia kuundwa, na ndio uliobeba maelekezo.

Kazi ya msururu huo ni kuelekeza. Mtu akikuelekeza nyumba ya mwalimu, amekuonyesha njia. Kufika ni jambo lingine. Kitenzi hiki hakiahidi kufika, na ndiyo maana kinafaa hapa. Kupeleka ni kushika mzigo mpaka mahali, kwa hiyo kinafaa kwa protini saidizi, kama Hsp70, zinazokaa na kipande hicho njiani na kukizuia kisijikunje mapema. Kutuma ningekiacha kabisa. Anayetumwa ni mtu, kinachotumwa ni barua au pesa, na kuna aliyekusudia. Ribosomu, mtambo wa seli unaounda protini, haina kusudio hilo.

Kuingiza si kosa, ila ni kitenzi kilegevu. Kloroplasti imezungukwa na tando mbili, na kwenye kila utando kuna tundu jembamba lililoundwa na protini: kundi la TOC kwenye utando wa nje, TIC kwenye wa ndani. Kipande chetu hupita humo kikiwa kimekunjuliwa, kama uzi kwenye tundu la sindano. Kiswahili kina neno la kazi hiyo hasa: kupenyeza. Ukiandika "protini inapenyezwa", mwanafunzi anaona wembamba wa njia, na anaelewa bila kuambiwa kwa nini protini iliyokwisha kukunjika ikakaza hukwama mlangoni.

Ikifika ndani, peptidasi ya stroma, yaani kimeng'enya kinachokata protini katika majimaji ya ndani ya kloroplasti, hukata ule msururu. Hapo ndipo kosa lako la nne linapojitokeza: "vinakatika vikifika". Kukatika ni kutendeka. Kamba imekatika, hatutaji aliyekata na huenda hayupo. Tena kiima chako ni vimeng'enya, kwa hiyo umesema vimeng'enya vyenyewe vinavunjika vipande. Kinachokatwa ni peptidi elekezi, yaani ule msururu wa maelekezo, na aliyeikata yupo na ana jina: tumia kukatwa na. Kosa la sayansi limejificha hapo hapo, maana umesema hivyo kwa oganeli zote tatu. Vimeng'enya vingi vya peroksisomu havikatwi chochote. Alama yake ni asidi amino tatu za mwisho kabisa, serini, lisini na lusini, au tatu zinazofanana nazo, na hubaki mahali pake baada ya kimeng'enya kuingia. Alama hiyo ilitambuliwa kwanza katika lusiferasi, kimeng'enya cha mwanga cha kimulimuli, na katika seli za mmea pia inafanya kazi. Peroksisomu, kinyume na kloroplasti, hupokea protini ikiwa imekwisha kukunjwa, kwa hiyo kupenyeza hakufai huko, andika kupitisha.

Uangalifu wa "mwisho kabisa" una faida maabarani. Mtafiti akiunganisha protini ya kung'aa nyuma ya kimeng'enya cha peroksisomu, zile asidi tatu haziko mwisho tena, na kimeng'enya hubaki kimetawanyika katika sitoplazimu. Akiiunganisha mbele ya kimeng'enya cha kloroplasti, hufunika ule msururu wa mwanzo na matokeo ni yale yale. Kitini kinachosema "alama iko karibu na mwisho" kinamfundisha mwanafunzi kosa hilo.

Nimetumia "peptidi elekezi" na ningekushauri uishike. Muundo wake umeshazoeleka, kama katika maswali elekezi na bei elekezi, na unakubali kufafanuliwa: peptidi elekezi ya kloroplasti, ya mitokondria. "Ishara" iweke kwa maana pana, inayojumuisha hata zile asidi tatu za mkiani. "Anwani" ni tamathali nzuri ya darasani, lakini anwani huandikwa juu ya bahasha na haimo katika barua, ilhali peptidi hii ni sehemu ya protini yenyewe tangu inapoundwa.

Wakati nao una alama zake. Protini ya kloroplasti hupenyezwa ikishaundwa. Ile inayokwenda kwenye retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa tando ndani ya seli, kwa kawaida hupenyezwa ikiwa inaundwa: ribosomu imeegemea utando, na msururu unaingia ndani huku nyuma ukiendelea kurefuka. Tofauti nzima ya njia hizi mbili imo katika -kisha- na -ki-, na vitini vingi huipoteza kwa kuandika "baada ya" kila mahali. Ikishaingia retikulamu bila ishara ya ziada, protini hutolewa nje ya seli. Kiazi kitamu kinaonyesha hilo vizuri. Sporamini, protini ya akiba ya kiazi hicho (si kimeng'enya), ina kijisehemu cha mwanzoni kinachoielekeza kwenye vakuoli, mfuko wa akiba wa seli. Watafiti walipokiondoa katika seli za tumbaku, sporamini ilitolewa nje.

Nimeacha mwisho jambo ambalo hukuliuliza, lakini ndilo ningependa kitini chako kilitendee haki: -po, -ko na -mo. Kiswahili, kama lugha nyingine za Kibantu, kina hazina hii, na hapa inafanya kazi ambayo kwingine ingehitaji sentensi nzima. Katika majaribio ya kloroplasti zilizotengwa, ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, ya milimola 0.1 hivi kwa lita inatosha kuifanya protini ishikamane na mlango wa nje, ila kuipenyeza kunahitaji milimola 1 au zaidi. Katika hali ya kwanza protini ipo kloroplastini. Katika ya pili imo. Ili kuzitofautisha, mtafiti hutia themolisini, kimeng'enya kinachomeng'enya protini za juu ya utando wa nje bila kupenya ndani. Zilizopo hutoweka, zilizomo husalimika. Iko itumie pale tu ambapo mahali hasa hapajulikani.

Tofauti hiyo ina uzito jikoni pia. Katika jani la muhogo, linamarini, kemikali yenye sianidi, imo vakuolini, na linamarasi, kimeng'enya kinachoikata, ipo ukutani mwa seli. Jani likiwa zima haviwezi kukutana. Kisamvu kikitwangwa, kuta na tando huvunjika, linamarasi huondoa glukosi kwenye linamarini, na kinachobaki huachia sianidi ya hidrojeni, ambayo huchemka kwenye nyuzi 26 hivi za Selsiasi na kupaa sufuria inapochemka bila kifuniko. Majani yaliyotwangwa kidogo tu yana linamarini ambayo bado imo. Zingatia pia upatanisho: linamarasi ipo, lakini kimeng'enya cha linamarasi kipo. Chagua nomino moja iongoze aya nzima.

Sentensi yako basi ningeiandika hivi: "Vimeng'enya vya mmea huelekezwa kwenye kloroplasti, mitokondria na peroksisomu na ishara zilizomo katika msururu wake wa asidi amino; peptidi elekezi za kloroplasti na mitokondria kwa kawaida hukatwa na peptidasi za ndani, ilhali alama ya mkiani ya peroksisomu haikatwi." Ni ndefu kuliko yako, na ukitaka unaweza kuikata penye nukta mkato.

Ukifika kwenye sura ya vimeng'enya vinavyokwenda kloroplastini na mitokondria pia kwa peptidi moja, kama glutathioni reduktasi ya njegere, utahitaji jina. Usiandike "mahali mbili". Mahali ina ngeli yake: peptidi elekezi ya mahali pawili.