Shungi jeupe, utumbo bila neva: ni jicho la watu?

SWALI: Asalaam aleykum daktari. Mtoto wa dadangu alizaliwa na kashungi keupe mbele ya kichwa, akakaa siku mbili hapati choo, tumbo likavimba. Wakasema ni Hirschsprung, yani mwisho wa utumbo hauna neva, akafanyiwa operesheni na sasa alhamdulillah anyonya vizuri. Majirani washasema kapigwa jicho. Hizo nywele na huo utumbo zaingiliana vipi?
Khalati wake, Kisauni

JIBU: Waaleykum salaam khalati. Jicho liwacheni kando. Nywele na utumbo hapo zaweza kuwa na asili moja, na kabla sijasahau, mpelekeni akapimwe masikio, sababu yaja.

Mimba ikiwa ya wiki tatu nne hivi, mgongoni mwa kiinitete ngozi yajikunja ikafanya mfereji, ndio ubongo na uti wa mgongo huo. Pale kingo zinapokutana ndipo zinapotoka seli shina za nyuro kresti, zajibandua zikashika njia: nyingine zaenda usoni zikawa mifupa ya taya, nyingine zakaa juu ya figo zikawa za kutoa adrenalini, nyingine zapita chini ya ngozi zikawa melanosaiti, hizi ndizo zatia rangi ngozi na nywele. Sasa seli yajuaje itakuwa nini? Nyingi mwanzo hazijaamua, zaamuliwa na ishara za mahali zinapopita. Bi Nicole Le Douarin, mwanasayansi wa Ufaransa, alipandikiza seli za kware kwenye kiinitete cha kuku, maana ya kware yatambulika kwa darubini, akaona za mgongoni ukizihamishia shingoni zashuka utumboni zikawa neva za huko. Uhuru huo una mpaka lakini, mifupa ya uso ni kazi ya zile za kichwani.

Neva za utumbo wa mtoto nyingi zaanzia hapo shingoni, zaingia kwa juu wiki ya 4 na mpaka kama wiki ya 7 ziwe zishafika mwisho. Zikiwa chache ama zikikosa ishara, zaishia njiani, kama matatu iloishiwa mafuta Mtwapa, abiria wa Kilifi ndo basi. Kile kipande kilokosa neva hakilegei, choo chakwama. Huwapata watoto kama 1 kati ya 5,000, na wengi wao nywele zao hazina neno.

Yakija yote mawili pamoja, madaktari huangalia jeni kama SOX10 na EDNRB, ambazo seli za rangi na za utumbo zote zazitegemea, na huwaza ugonjwa wa Waardenburg, ule wa kurithi unaogusa rangi ya nywele na macho, na masikio. Wa kwenu sijamuona, siwezi kusema ndio huo. Ila melanosaiti ziko hata ndani kabisa ya sikio, zikikosekana huko mtoto huenda asisikie. Msipime kwa kubamiza mlango, mtoto aweza kushtuka kwa ule mtikisiko tu! Kipimo chenyewe hakiumi, awekewa kidude sikioni akiwa amelala. Na kama kwa babake au kwenu kuna mtu ana macho rangi mbili, au alotoka mvi angali kijana, mwambieni daktari siku hiyo hiyo.