Maswali na majibu: Mabadilishano ya stempu katika chama kipya

SWALI: Tumeanzisha chama cha wakusanyaji wa stempu hapa Tanga, nasi tuko 12. Mkutano wa tatu uliharibika baada ya wanachama wawili kubishana juu ya thamani ya stempu walizobadilishana. Tuendeshe vipi mabadilishano? Aidha, stempu zetu ambazo hazijatumika zinagandana. Tufanyeje?

JIBU: Ndugu Katibu, nawashauri msimamishe kwa sasa mabadilishano ya mkono kwa mkono na badala yake muanze kutumia vijitabu vya mzunguko. Mwanachama hupachika stempu anazotaka kuuza, moja katika kila mraba, na chini yake huandika nchi, mwaka, namba ya katalogi (kitabu kinachoorodhesha stempu na bei zake) na bei. Kijitabu hupita kwa wanachama kwa zamu, na yeyote anayechukua stempu hutia sahihi katika mraba uliobaki mtupu. Sahihi hiyo ndiyo nguzo ya utaratibu mzima, kwa sababu kila anayepokea kijitabu hulazimika kukikagua mbele ya anayemkabidhi, na akikuta mraba mtupu usio na sahihi, au stempu iliyobadilishwa kwa nyingine mbovu, atoe taarifa papo hapo, la sivyo dhamana itakuwa yake. Asilimia 10 ya kila mauzo iingie katika mfuko wa chama.

Kitu cha kwanza kununuliwa kwa mfuko huo kiwe katalogi moja ya Stanley Gibbons, kampuni ya stempu ya Uingereza, inayohusu Afrika Mashariki, hata ikiwa ni toleo la zamani, ili nyote mrejelee kitabu kimoja. Bei ya katalogi ni bei ya duka kwa stempu nzima isiyo na dosari. Baina ya wanachama, theluthi moja ya bei hiyo ni mahali pazuri pa kuanzia, nayo hushuka zaidi meno (vijino vya ukingoni vinavyoachwa na matundu ya kuchania) yakiwa yamekatika au karatasi ikiwa imechunika nyuma.

Cha pili kiwe kipimo cha meno, ambacho huonyesha idadi ya matundu katika urefu wa sentimita 2. Wengi hukiona kuwa ni anasa, lakini stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika za Mfalme George VI, zilizoanza kutolewa mwaka 1938, zilichapwa kwa vipimo mbalimbali vya meno, hivyo stempu mbili zenye picha na thamani ileile huweza kutofautiana sana kwa bei. Sitashangaa ikiwa ubishi wenu ulianzia hapo.

Muwe waangalifu zaidi na stempu za Zanzibar zenye maneno "Jamhuri 1964". Baadhi yake zilipigwa maneno hayo kwa muhuri wa mkono baada ya Mapinduzi, nyingine zikachapwa kwa mashine baadaye, na muhuri wa mkono ni rahisi kughushi. Msiruhusu zipite katika vijitabu kwa bei kubwa kabla ya mjuzi asiye na maslahi kuziangalia.

Kuhusu kugandana, chanzo ni unyevu wa pwani kuamsha gundi, na tatizo huzidi wakati wa masika. Albamu zisimame wima kama vitabu rafuni, zisilaliane, wala zisiegemee ukuta wa nje. Wekeni ndani ya kabati pakiti za chembechembe za kufyonza unyevu, na mshike stempu kwa kibanio badala ya vidole. Karatasi za plastiki laini yenye harufu kali ziepukwe kabisa, kwani huharibu rangi. Zilizokwisha kugandana msizivute. Ziwekwe juu ya kichanja kidogo ndani ya chombo kilichofunikwa, chini yake pakiwa na sifongo yenye unyevu, mkizitazama kila baada ya saa chache hadi zitakapoachana zenyewe. Kisha zikauke kifudifudi, gundi ikiwa juu, bila kitu kuigusa. Zilizokwisha kutumika hazihitaji tahadhari hiyo: dakika 20 katika maji safi ya baridi zinatosha, isipokuwa zile za kisasa za kubandika bila kulowesha, ambazo ni heri kuzikata pamoja na kipande cha bahasha yake.