Kabla ya kuchagua oto au manyuali, angalia pikapu yako inaondokea wapi

Swali lenu la wiki hii linasema hivi: ukiwa na hela ya pikapu moja tu, utachukua ya oto (inayojibadilishia gia yenyewe) au ya manyuali (unayobadilisha gia mwenyewe kwa klachi), na kwa nini? Najua wengi watajibu kwa kuangalia nani dereva kamili, maana hii mada ikianza tu watu wanaanza kupimana uwezo, na mi naona hapo ndo tunapotea. Nimeendesha pikapu ya manyuali miaka tisa, hii ya oto naenda nayo mwaka wa nne, zote kwa kazi, mzigo nyuma na mara nyingi trela, na siku hizi mtu akiniuliza achukue ipi namrudishia swali, hiyo pikapu itakuwa inaondokea wapi na imebeba nini?

Nieleweke vizuri. Gari ikiwa imesimama tairi hazizunguki ila injini inazunguka, sasa ili gari iondoke lazima pawe na kitu katikati kinachoteleza kidogo mpaka huku na huku viende sawa, na kitu kikiteleza huku kimebanwa kinatoa joto. Kwenye manyuali kinachoteleza ni diski ya klachi, ni kavu, imebanwa kati ya flaiwili (gurudumu zito la chuma linalozunguka na injini) na presha pleti (sahani inayoibana diski), hakuna oili ya kuipoza wala nini, joto lote linabaki humo humo. Kwenye oto kinachoteleza ni oili yenyewe ndani ya toki konveta (chombo kinachopitisha nguvu ya injini kwenda kwenye giaboksi kwa kutumia oili), na hiyo oili ina pampu inaizungusha inapita kwenye rejeta yake ndogo inapoa inarudi tena. Kwa gari ndogo ya kwenda kazini na kurudi hii tofauti huwezi kuiona, ila weka tani moja nyuma, funga trela, simama kwenye mwinuko afu uondoke, halafu ufanye hivyo mara arobaini kwa siku, hapo utajua joto linaenda wapi. Na kuna jambo la pili, toki konveta pale mwanzo wa kuondoka inaongeza nguvu ya kuzungusha inayotoka kwenye injini karibu mara mbili, klachi haina hiyo zawadi, inakupa kile kile injini ilichotoa.

Kilichonifundisha ni rivasi. Klachi yangu ya kwanza niliiua kwa siku moja wala haikuwa uchakavu wa miaka. Nilikuwa na trela ya mbao, narudi kinyumenyume kupanda kilima kidogo niingie kwenye geti jembamba, na ukiwa unalenga trela unatakiwa uende taratibu kabisa, taratibu kuliko mtu anavyotembea. Shida ni kwamba rivasi kwenye pikapu nyingi za manyuali inakaribiana na gia ya kwanza, yani ukiachia klachi yote gari inakimbia kuliko unavyotaka, ukikanyaga yote inarudi chini, kwa hiyo unabaki pale katikati unabalansi klachi, mbele kidogo nyuma kidogo, trela imepinda unaanza upya. Nilikaa hapo kama dakika ishirini. Harufu niliisikia mapema tu lakini nilishaingiza nusu ya trela nikasema nimalizie.

Kesho yake kwenye mlima nakanyaga mafuta, sauti ya injini inapanda, spidi haipandi. Fundi alipofungua alinionyesha flaiwili ina madoa ya bluu, hilo ni chuma limepata moto mpaka limebadilika rangi, na kwa vile injini ilikuwa dizeli ya kisasa flaiwili yake ni ile ya vipande viwili yenye springi katikati, haichongwi ikarudi sawa, nikabadilisha pamoja na diski, presha pleti na rilizi beringi (ile inayoachisha klachi ukikanyaga), na flaiwili peke yake ilizidi bei ya hivyo vingine vyote ukivijumlisha. Watu wanaosema manyuali matengenezo yake ni rahisi siku zote hapo wanakumbuka pikapu za zamani zenye flaiwili ya kipande kimoja. Zile kweli ni rahisi.

(Kama unayo manyuali ya foo wili, yani tairi zote nne zinazungushwa na injini, na kazi yako ni ya hivi, ukiwa kwenye vumbi au kokoto weka lo (gia nzito ya mwendo wa polepole ya foo wili) ndo upige rivasi, spidi inashuka chini ya nusu na unaweza kuachia klachi yote ukaongozwa na injini tu. Kwenye lami kavu usifanye, foo wili nyingi za pikapu zinafunga mbele na nyuma pamoja na ukikata kona chuma kinakazana.)

Na wala sio mimi tu ninayeona klachi ndo inaweka kikomo cha nguvu, angalia wenye viwanda wanafanya nini. Toyota Hilux ya dizeli lita 2.8 tangu ile iliyotoka 2020, ya oto inatoa Nm 500 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha), ya manyuali Nm 420, na injini ni hiyo hiyo moja. Land Cruiser 79, pikapu ambayo watu walikuwa wanaapa haitakuja kuwa na oto, sasa hivi ipo ya oto gia sita na injini ya silinda nne inayotoa Nm 500, wakati ile V8 ya lita 4.5 iliyokuja na manyuali ilikuwa Nm 430. Ukienda Marekani ndo kabisa, Ford F-150 iliacha manyuali baada ya 2008, na zile Ram 2500 na 3500 za dizeli zilikuwa za mwisho kwenye pikapu kubwa, mwaka wa 2018 ndo ikaisha, na hata zenyewe zilipokuwa nayo injini ya manyuali ilikuwa imepunguzwa nguvu kuliko ya oto. Dizeli za sasa zenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa nyingi kwenye injini) zinatoa nguvu kubwa chini kabisa, na klachi ya kuibeba nguvu hiyo ingekuwa nzito mguuni na giaboksi kubwa na ghali.

Kwenye mchanga pia oto inanipa raha, maana mchanga hautaki usimame, na kwenye manyuali ule muda mdogo wa kukanyaga klachi ubadilishe gia tabo inapungua, gari inakatika mwendo, tairi zinazama, afu ukitaka kujitoa unaanza tena kuichoma klachi.

Sasa manyuali, maana sitaki mtu adhani naidharau, ile ya kwanza niliipenda na ilinitoa sehemu ambazo oto ingenilaza huko huko. Betri ikifa kabisa, manyuali unaisukuma au unaiachia mteremkoni, unaweka gia ya pili unaachia klachi inawaka, oto huwezi kwa sababu pampu yake inaendeshwa na injini na injini ikiwa imezima hakuna presha ya oili ya kushika gia yoyote. Kwa sababu hiyo hiyo oto ikiharibika usikubali ivutwe na kamba mwendo mrefu tairi zinazozungushwa na injini zikiwa chini, giaboksi inazunguka haina oili inayopita, unaongeza hasara juu ya hasara.

Afu kuna mteremko. Manyuali ukiweka gia ya pili imeshika kweli kweli, injini inalizuia gari na breki zinapumzika, na kwenye lo gia ya kwanza unaweza kutoa miguu yote ukashuka kwenye mawe kama unashushwa na kamba. Gari ikizima katikati ya mpando mkali ukiwa kwenye lo gia ya kwanza, iache kwenye gia, injini iliyozima inasaidia kuishika. Za zamani ulikuwa unageuza ufunguo ikiwa hivyo hivyo kwenye lo gia ya kwanza, stata inaivuta gari mpaka inawaka, sasa hivi nyingi zinadai ukanyage klachi kwanza ndo ziwake, ingawa Toyota kwenye Tacoma za manyuali waliweka swichi ya kuondoa hilo sharti. Oto za zamani za gia nne zilikuwa dhaifu hapa, zinateleza tu na mzigo unakusukuma. Hizi za gia sita mpaka kumi zina sehemu ya kuchagua gia mwenyewe na zinashika vizuri, ila lazima uchague kabla hujaanza kushuka, usisubiri breki zianze kunuka.

Mafuta mi naona kesi imeisha. Oto za gia nne zilikuwa zinakunywa zaidi kweli, hizi za sasa toki konveta inajifunga ikishakolea mwendo na hakuna kuteleza tena, tofauti inaletwa zaidi na mguu wa dereva.

Ila oto ina kitu kimoja kinachoiua na watu hawataki kukisikia, ni oili. Niliponunua hii niliyonayo muuzaji aliniambia oili ya giaboksi ni ya maisha, haibadilishwi, na nilipoichungulia baada ya mwaka ilikuwa nyeusi ina harufu ya kuungua. Ingeendelea hivyo mwaka mwingine nisingekuwa na giaboksi. Mi sasa namwaga kila kilomita 60,000 kwa sababu navuta trela, naweka aina ile ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari na sio inayofanana nayo, na nimefunga kipimo cha joto la oili niione mwenyewe. Jambo lingine ni kupaki na mzigo mlimani. Ukiweka P moja kwa moja ukaachia breki, uzito wote wa gari na trela unakaa kwenye kijino kidogo ndani ya giaboksi, utasikia kishindo siku ukitoa. Kanyaga breki, weka N, vuta handibreki, achia breki taratibu gari ilalie handibreki, kanyaga tena, ndo uweke P.

Na ni nani ataiendesha? Pikapu ya mtu mmoja anayeijua klachi yake inaweza kupita kilomita 200,000 na diski ile ile. Pikapu inayoendeshwa na watu wanne, mmoja anapumzisha mguu juu ya klachi, mwingine anaishikilia gari mlimani kwa klachi badala ya breki, hiyo klachi haina mwenyewe na haitadumu. Kwenye nchi kama Uingereza kuna na suala la leseni, ukifanyia mtihani kwenye oto huruhusiwi kuendesha manyuali, hilo nalo liangaliwe mapema kama ni gari ya kazini.

Kwa hiyo jibu langu kwa hela ya pikapu moja: mzigo mzito, trela, kusimama na kuondoka, madereva zaidi ya mmoja, nachukua oto. Kazi ya mbali na mafundi, njia za mawe na mzigo mwepesi, dereva mmoja, nachukua manyuali na ikiwezekana yenye flaiwili ya kipande kimoja. Kwa kazi yangu ni oto.

Na kama unanunua iliyotumika, usitoke hapo hujaijaribu. Manyuali vuta handibreki kwa nguvu, weka gia ya tatu, achia klachi taratibu huku unakanyaga mafuta kidogo, injini inatakiwa izime hapo hapo, ikiendelea kunguruma gari imesimama ujue klachi imeisha. Oto mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, uikute ya baridi, uwashe mwenyewe, toa P weka R, subiri, weka D, subiri, na kama kila ukibadilisha inachukua zaidi ya sekunde mbili ndo ishike au inashika kwa kishindo, mi huwa narudisha ufunguo.